Bwawa Huanza na Mlango

Mjukuu wangu,

Picha uliyonitumia kwenye simu nimeitazama mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani. Bwawa la mawe nyuma ya nyumba, kijito kinachopinda katikati ya majani, na maji yakishuka juu ya jiwe pana. Umesema unataka kitu kama hicho hapa Kighare, nyuma ya nyumba uliyoanza kuipaua, ili watoto wakipanda Desemba kutoka Dar es Salaam wapate mahali pa kukaa na kusikiliza maji. Nimefurahi, tena sana. Vijana wengi wakijenga huku juu hutaka uzio, geti, na sakafu ya saruji kuanzia barazani hadi mlango wa choo, hata tone la mvua likose pa kuingilia ardhini. Wewe umewaza maji.

Ila katika maelezo yako yote umenieleza maporomoko yatakuwa na kimo gani, mawe utayanunua wapi, na samaki watakuwa wa rangi gani. Hukunieleza maji yakishajaa yatatoka kwa njia gani, wala yakitoka yatamfikia nani. Hilo ndilo nililokaa chini kukuandikia, na mengine yatafuata.

Neno ndiva unalijua, lakini sina hakika kama umewahi kuiona ikifanya kazi. Mlipozaliwa nyinyi nyingi zilikuwa zimejaa tope. Milima yetu ina vijito vingi ila ni vyembamba. Kijito kimoja ukikielekeza shambani mchana, maji yanayofika ni ya kulowesha matuta machache, kisha jua linazama na usiku kucha maji hayohayo yanateremka bondeni hayana kazi. Wazee waliliona hilo. Wakajenga banio kijitoni, wakachimba mfereji ukingoni mwa mlima, na mwisho wa mfereji wakaweka bwawa la udongo: ndiva. Jioni inafungwa, usiku inajaa, asubuhi inafunguliwa, na maji ya usiku mzima yanaondoka kwa saa chache yakiwa na nguvu ya kufika shamba la mwisho. Kutoka huku kwetu Usangi na Ugweno hadi milima ya Same kusini, Wapare walikuwa wakihesabu zamu za maji. Na majembe yaliyochimba mifereji ile yalifuliwa hukuhuku. Wahunzi wa Ugweno, Washana, walijulikana kwa chuma hadi Uchagani.

Nikiwa mtoto wa miaka kama minane nilitumwa kwenda kuita watu ndiva ikiwa tayari kufunguliwa. Mlango wake ulikuwa tundu chini ya tuta, limezibwa kwa gogo lililozungushiwa majani ya mgomba na udongo wa mfinyanzi. Mwenye zamu aliingia majini hadi kifuani, akalitikisa gogo, akalivuta. Kwanza ulisikika mguno, kama ng'ombe anayeamka. Kisha maji yakatoka upande wa pili yakiwa meusi kwa tope, baadaye ya kahawia, baadaye meupe. Hayo ndiyo maporomoko niliyokulia nayo. Yalidumu asubuhi moja, na kila aliyekuwa chini alijua ni ya nani.

Babu yangu alinieleza kitu ambacho nilikipuuza kwa miaka thelathini. Alisema ndiva haianzi na shimo, inaanza na mlango. Wanatafuta kwanza mahali maji yatakapotokea, wanapanga mawe ya tundu pale, wanaangalia kama mfereji wa chini unapokea, ndipo tuta linapandishwa juu yake. Ukipandisha tuta kwanza, siku utakayotaka kulitoboa utalivunja.

Sasa nikusimulie nilivyolijua hilo. Unaona ule mteremko chini ya migomba yangu, penye udongo mwekundu usioota kitu vizuri? Pale palikuwa na bwawa langu. Nililichimba mwaka 1996, nikitaka maji ya kunyweshea kahawa na miche ya kabichi. Tuta nililijenga vizuri, nililishindilia mwenyewe, nikapanda nyasi. Njia ya maji ya ziada niliiweka kwa bomba moja jembamba pembeni, kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu na kwa kuwa mwaka ule mvua ilikuwa haba. Zikaja mvua za El Niño za mwisho wa 1997. Usiku mmoja maji yalifika juu ya tuta, yakapata mahali palipolegea kidogo, yakaanza kumomonyoa udongo. Maji yakishapita juu ya tuta la udongo hakuna awezaye kuyazuia. Hujikatia njia, na njia hujipanua kadiri yanavyopita. Nilisimama na kurunzi nikilitazama. Asubuhi migomba kumi na minne ya jirani yangu ilikuwa imelala na jiko lake la nje halipo. Mke wake alikuwa ametoka jikoni humo muda mfupi kabla.

Nililipa migomba. Jiko nililijenga upya kwa mikono yangu. Lakini miaka miwili jirani yule alinisalimia kwa nusu ya sauti, na nilistahili. Huku milimani, mjukuu wangu, kila bwawa lina mtu chini yake.

Basi tupige hesabu pamoja, maana wewe ni mtu wa hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa lako nimelipima kwa hatua, ni kama mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50 kwa saa moja, na huku hunyesha hivyo, paa peke yake linakupa lita 4,000. Ongeza ua, ongeza maji ya njia ya juu yanayojileta yenyewe. Bwawa la picha yako, nikikisia mita 4 kwa 3 na kina cha sentimita 60 katikati, kingo zikiwa za mteremko, halizidi lita 5,000. Saa moja na nusu ya mvua kubwa inalijaza na kulizidi. Njia ya ziada iwe pana kuliko unavyodhani inatosha, iwe ya mawe au saruji, chini ya ukingo kwa shibiri nzima, na iyaongoze maji hadi kwenye mfereji, yasiishie ukutani kwa jirani. Na tundu la chini usilisahau: bomba lenye koki kwenye sakafu ya bwawa, liwekwe kabla jembe halijagusa kitu kingine, ili siku ukitaka kusafisha ulimwage lote bila kubeba ndoo.

Hayo ni maji ya kutoka. Ya kuingia nayo yana maswali yake, na hapa usikasirike.

Umesema utatega bomba kutoka mfereji wa juu ili maporomoko yashuke mchana na usiku. Chukua dumu la lita 20, lijaze kwa bomba hilo. Likijaa kwa sekunde 20, hiyo ni lita 1 kwa sekunde. Kwa macho ni uzi tu wa maji. Lakini uzi huo kwa siku moja ni lita 86,400. Mfereji huo wa juu una familia zinazopanga zamu kwa saa. Ukiuchukua uzi huo, hata ukiurudisha chini, unarudi umepungua na umechelewa, na mwanamke aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kusubiri zamu ya maharage yake atakuta mfereji umelegea. Hatakuambia kitu. Atamwambia Mungu.

Sheria nayo ipo. Kuchepusha maji ya mto au kijito kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Letu ni Bonde la Pangani, na ofisi kuu iko Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sikutajii haya ili kukutisha. Wazee walikuwa na sheria zao kabla ya hizo, na zilikuwa kali zaidi: asiyekuja kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji hakuwa na mdomo wa kuomba zamu. Mfereji ulikuwa wa aliyeshika jembe.

Na si sisi tu. Nilipokuwa Tanga nikifanya kazi ya uashi, nilikaa nyumba moja na mzee mwenye asili ya Oman aliyependa sana kuzungumzia mifereji ya kwao, aflaji. Mitano kati ya hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Alinieleza kwamba mfereji ukifika kijijini, mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa, kisha pa kuoga na kutawadha, ndipo mitende na bustani, na zamu hugawanywa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Nilimsikiliza nikawa kama niko Kighare. Watu wa jangwani na watu wa milimani wamefikia utaratibu mmoja: kinywa kwanza, shamba baadaye, na uzuri wa macho unakula kinachobaki.

Kwa hiyo bwawa lako lile maji ya paa. Hayo hayamnyimi mtu. Weka mifereji ya bati pande zote mbili, maji ya kwanza ya msimu yaache yamwagike kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, ya baadaye yajaze tangi la nyumba kwanza, na tangi likifurika yaende bwawani. Kuanzia Oktoba vuli italijaza, masika ya Machi hadi Mei italijaza tena. Maporomoko yaendeshe kwa pampu ndogo ya sola inayoyarudisha maji yaleyale juu. Mchana yanaimba, usiku yanalala, na mfereji unabaki wa wenyewe. Kiangazi litapungua. Likishuka milimita 5 tu kwa siku, eneo la mita za mraba 12 linapoteza lita 60, ndoo tatu kubwa. Ndoo hizo hutazichukua bombani mwezi wa tisa wakati watu wamepanga madumu. Utaliacha bwawa lishuke. Bwawa lililoshuka kiangazi si aibu. Hata ndiva hupasuka sakafu zikisubiri vuli.

Sasa ujenzi wenyewe, na hapa nina raha kidogo.

Anza na udongo. Chimba shimo la goti moja, chukua udongo wa chini, ulowanishe, uviringishe kama kamba ya unene wa kidole, kisha uikunje iwe pete. Isipokatika, una mfinyanzi, na Mungu amekuokolea fedha. Ikikatika, ikichanika au ikimeguka, huo ni udongo wa kupitisha maji. Tafuta udongo wa kichuguu, mchwa wameshauchambua. Ponda, lowanisha, tandaza tabaka la unene wa kiganja, kanyaga, ongeza lingine, kanyaga tena, mpaka vitimie viganja vitatu au vinne. Walete watoto wa jirani wacheze humo mchana kutwa. Hakuna mashine inayoshindilia kama miguu ya watoto wenye furaha. Ukitaka nailoni nzito ya bwawa, ni sawa pia, ila tandika chini yake mchanga au magunia, na usiache kingo zake zikipigwa na jua, maana huko ndiko huchanika kwanza.

Usichimbe kuta wima kama kaburi. Kila hatua moja ya kushuka iwe na hatua mbili za kwenda mbele. Mtoto akiteleza apate pa kukanyaga, chura apate pa kupandia, na udongo usimomonyoke. Upande mmoja acha ngazi pana yenye kina cha kifundo cha mguu kwa ajili ya magimbi na mimea mingine ya majini.

Ukingo wote wa juu uwe sawasawa kwa pimamaji. Wengi hukosea hapa kwa kutegemea macho, na mlimani macho hudanganya kwa sababu hakuna kitu kilicho sawa cha kulinganisha. Tumia mpira mwangavu uliojaa maji, kama mafundi wa msingi: ncha moja huku, nyingine kule, maji yenyewe yatakuambia. Nilifanya uashi miaka ishirini na mbili na sikuwahi kupata chombo cha kuaminika kuliko huo mpira.

Kijito kipinde, kisinyooke. Kipe vidimbwi vidogo vitatu au vinne, kila kimoja kimwagikie kingine, ili pampu ikizimwa maji yasiondoke yote kwa mpigo. Chini ya kila jiwe pawe na mfinyanzi au nailoni iliyopandishwa pembeni; maji mengi ya maporomoko hupotea kwa kupita nyuma ya mawe, hayapotei kwa jua. Jiwe la kuporomoshea liwe bapa, lijitokeze mbele kiganja kimoja, na chini yake uache uwazi. Uwazi huo ndio unaotoa sauti. Maji yakishuka yamelalia jiwe hayasemi kitu. Yakiruka hewani na kuangukia maji mengine, yanasema. Kimo cha magoti kinatosha. Zaidi ya hapo utakuwa unarusha maji hewani kwa upepo wa Julai.

Mawe usiyatoe kijitoni. Mawe ya kijitoni yana kazi, yanashikilia kingo. Na usiguse hata moja la mpungi wa ukoo, msitu wa matambiko kule juu, hata kama wewe ni Mlutheri wa kuhudhuria kila Jumapili kama mimi. Wazee waliacha misitu ile midogo isikatwe, na chemchemi nyingi ziko chini ya vivuli vyake. Nenda machimboni, nunua lori moja na mtu mwingine.

Mikaratusi usiipande karibu. Ni miti ya kunywa maji. Mkuyu ungefaa lakini mizizi yake itavunja bwawa, basi uweke mbali, chini ya njia ya maji ya ziada, uyapokee yanayotoka. Utakufa wewe, yeye atabaki.

Kuna mambo mengine matatu ambayo bibi yako amenishika mkono nisiyasahau. La kwanza ni mbu. Kuanzia yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili hivi kwa kadiri ya joto. Ndiva ilifunguliwa kila siku, haikuwapa nafasi hiyo. Bwawa lako linalala, kwa hiyo pampu ifanye kazi kila siku, na mkisafiri kurudi mjini kwa miezi, fungua koki ya chini ulikaushe. Nyumba isiyo na mtu isiachiwe maji yaliyotuama. La pili ni kichocho. Ukiona konokono wadogo kandokando, watoto wasiingize miguu, na yeyote asikojoe karibu. La tatu, watoto wenyewe. Uzio wa fito unaofika kifuani na mlango unaojifunga, uwepo kabla maji hayajaingia. Ukiniambia kina ni kifupi, nitakujibu kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu anazama kwenye beseni.

Samaki nao. Usinunue wa kigeni ukawaleta juu ya mlima. Mvua kubwa ikija bwawa litafurika, na kilicho ndani kitashuka na maji. Chini huko, Ziwa Jipe na mto Pangani vina perege wa aina isiyopatikana kwingine kokote duniani, na wataalamu wamemtaja kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka. Sato wa kufugwa akitoroka huzaliana na perege wa asili, na kizazi kile kikapotea. Weka vyura. Hutawaweka wewe, watakuja wenyewe wiki ya kwanza ya mvua, na viluwiluwi vyao watoto watavitazama kuliko samaki yeyote wa rangi.

Nimeongea na jirani wa chini, mtoto wa yule ambaye jiko lake lilichukuliwa na maji yangu. Nilimwendea mwenyewe kwa sababu wewe hukuijua hadithi, na si vizuri asikie habari za bwawa lako kwa fundi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maji yatapita wapi. Nikamwambia hatujapanga, tunamngoja yeye. Amesema ukingo wa shamba lake, penye masale, una mfereji wa zamani ambao baba yake aliuziba baada ya 1997. Yuko tayari uzibuliwe, mradi mawe yawekwe pande zote mbili na maji yafike hadi kwenye magimbi yake.

Kwa hiyo usije na fundi kwanza. Njoo Jumamosi ya mwisho ya Septemba na jembe, sururu, mpira mwangavu wa mita 15, na viatu usivyovipenda. Tutaanzia chini kwake, tuzibue mfereji tukipanda juu. Jioni tutachimba shimo moja la goti pale nyuma ya nyumba yako, tulijaze maji, tupige alama kwa kijiti, tulifunike kwa jani la mgomba, tukalale. Alfajiri tutakwenda wote watatu kuangalia yamebaki kiasi gani.

Babu yako,
Kighare